Nilimpekua Mdogo Wangu Mbele ya Wateja

Nina miaka arobaini na saba. Ni mjane, ninaishi Biharamulo mjini katika chumba cha kupanga. Wasomaji wenzangu, msidhani nalia kwa ajili ya chumba. Ningekuwa nimepoteza mali peke yake, ningenyamaza...

Kwetu ni Mbuba, wilaya ya Ngara. Mama alijaliwa watoto wawili tu, mimi na Jenerosa. Nimempita miaka kumi na minne. Mama akienda kulima, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nilipoolewa Biharamulo nilimchukua, nikamsomesha hadi kidato cha nne. Wengi walidhani ni mwanangu wa kumzaa.

Marehemu mume wangu alikuwa na ndoto ya supamaketi. Alianza na ya Biharamulo, akafungua ya pili Ngara mjini, kisha ya tatu Nyakanazi. Rafu ndefu, matoroli, friji za vioo, jenereta nyuma. Enzi hizo watu walikuja hata kutembea tu! Jumapili wakitoka kanisani walipiga picha mbele ya friji na watoto wao.

Kisha mume wangu akaugua, akanifia. Nikabaki na maduka matatu na neno moja kichwani: nisibadilishe kitu. Kila rafu aliipanga yeye kwa mikono yake. Ningeanzaje kuihamisha?

Lakini wateja walibadilika... Vibanda vya mitaani vikaanza kupima mafuta ya kula ya kumtosha mtu siku moja. Watu wakazoea kuagiza kwa simu, bodaboda anawafikishia mpaka mlangoni. Siku ya gulio kwangu palikuwa kimya kama msibani. Mtu anaingia, anauliza bei, anapiga picha ya bidhaa, anatoka. Maziwa yaliharibika. Biskuti tulizitupa kwa maboksi. Na jenereta ilinguruma vilevile, friji zikipoza hewa tupu!

Jenerosa ndiye aliyekuwa msimamizi wa duka la Biharamulo. Siku moja alinifuata stoo.

"Dada, tuanze kupokea oda kwa simu. Watu wa Nyamahanga wanataka bidhaa zetu, ila nauli ya kuja na kurudi inawashinda. Na sukari tuipime hata robo."

Nikamkatisha. "Shemeji yako hakujenga supamaketi ili sisi tuwe wachuuzi. Anayetaka bidhaa aje dukani. Sitaki kusikia tena!"

Alirudi kaunta. Nikadhani yamekwisha...

Miezi ikapita. Duka la Nyakanazi nikalifunga kwa machozi. Ndipo mlinzi akaninong'oneza kwamba Jenerosa anatoka na mifuko mlango wa nyuma, anawapa bodaboda. Karibu kila siku, alisema. Damu ilinichemka! Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na sasa nilikuwa nimempata. Kumbe ndiye anayenimaliza? Mtoto niliyembeba mgongoni?

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwisho wa mwezi, moja ya siku chache ambazo bado tulipata foleni kaunta. Nikamwona anaelekea mlango wa nyuma na mifuko miwili. Nikamwita kwa sauti, kila mtu akageuka.

"Mwaga hapa chini! Mwaga vyote!"

"Dada, twende ofisini nikueleze," alisema taratibu. "Vyote vimelipiwa. Muulize keshia."

"Mwizi hanipangii pa kuongelea!"

Nilimnyang'anya mifuko, nikaimwaga mwenyewe sakafuni. Sabuni, chumvi, maziwa ya unga ya mtoto... Nikampekua hadi mifuko ya sketi, kweupe, watu wakitazama. Keshia alipofungua mdomo nilimwambia akithubutu kusema neno, na yeye hana kazi. Jenerosa hakulia. Alijifunga kitenge chake kilichokuwa kimelegea, akatoka kwa mlango wa mbele.

Kwenye foleni ile alikuwepo mama mmoja nisiyemjua. Alikuwa shangazi wa Denis, kijana aliyekwisha kuleta barua ya kumposa Jenerosa kwa Mama kule Mbuba. Siku ya mahari ilikuwa imepangwa. Ilipofika, hawakuja. Walimtuma mzee mmoja kumwambia Mama kwamba hawawezi kuingiza mwizi nyumbani kwao.

Mama alinipigia simu akilia. Aliniuliza kwa Kihangaza chetu kama nilimwona kweli akiiba, kwa macho yangu mawili. Nikamjibu kwa ukali kwamba mali ni yangu, ninajua ninachosema. Tangu hapo hatukusemezana. Miaka miwili, wasomaji! Mama yangu mzazi, miaka miwili...

Biashara nayo iliendelea kunifia mikononi. Duka la Ngara likafungwa. La Biharamulo likabaki na rafu nusu tupu. Nilishusha bei, nikaweka muziki mlangoni, nikapunguza wafanyakazi. Nani angerudi?

Wiki ya mwisho, tukiwa tunauza hadi rafu zenyewe, aliingia Mwalimu Adelina kutoka Nyamahanga.

"Samahani, mama," aliniambia. "Yule dada aliyekuwa anatuletea oda alikwenda wapi? Walimu wote na majirani tulikuwa tunanunua kwenu kwa sababu yake. Tunatuma hela kwa simu, bodaboda analeta vitu pamoja na risiti ya hapahapa. Alipoondoka tukahamia kwingine."

Risiti ya hapahapa! Nilimgeukia keshia. Aliinamisha kichwa.

"Alilipia kila kitu, mama. Siku ile nilitaka kusema, ukanikataza."

Nikakaa sakafuni palepale. Wale walikuwa wateja wangu! Mdogo wangu alikuwa ananitafutia wateja kwa siri, kwa sababu nilikataa kumsikia alipoongea waziwazi. Nami niliwafukuza wote pamoja naye.

Kesho yake nilipanda gari hadi Mbuba, alikokuwa amerudi Jenerosa. Mama alikuwa uani akichambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

Aliendelea kuchambua. "Marahaba," akajibu, macho yakiwa kwenye ungo.

Jenerosa alitoka chumbani na simu sikioni. Nyuma yake niliona katoni zimepangwa hadi karibu na dari. Alikuwa anapokea oda za Mbuba na vijiji vya jirani. Nilipiga magoti, nikamweleza yote huku kamasi na machozi vikinitoka. Aliniinua.

"Ya duka nilikusamehe zamani," alisema. "Nilijua una uchungu wa shemeji. Lakini Denis alikuja hapa, akaniuliza swali moja: kama dada yako wa damu hakukuamini, mimi nianzie wapi? Akaenda zake."

Hakuniita dada hata mara moja.

Nilikwenda pia kwa yule shangazi kusema ukweli. Alinisikiliza, akanipa chai, akaniambia Denis ameshaoa na mke wake ni mjamzito.

Siku hizi napika chai na chapati karibu na stendi. Kila wiki namwagiza Jenerosa sukari, inakuja na gari la Ngara. Sukari imejaa hapa jirani, tena haina nauli. Naagiza ili nisikie sauti yake. "Karibu, nikuandalie nini?" ananiuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mteja yeyote. Namtajia kilo mbili. Anashukuru... anakata simu.

Wafanyabiashara wenzangu, nawaomba. Anayeshinda na wateja anawajua kuliko wewe unayeketi ofisini. Akikuambia wamebadilika, acha kiburi, msikilize hadi mwisho. Marehemu hatakasirika ukihamisha rafu! Na ukimshuku ndugu yako, mwite pembeni, umuulize, uwaulize na wengine, kabla hujamvua nguo mbele za watu. Kama tayari umemkosea, usingoje miaka miwili kama mimi. Mpigie leo, wakati bado anakuita dada.