Shujaa wa Behewa la Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raisa alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja na kumchotea bibi yake maji ya kutawadha. Tangu Jumamosi alikuwa na kazi ya tatu. Alimfunga baba yake mdogo bendeji.

"Anzia kwenye kiwiko," Nasiri alimwelekeza, akiwa ameketi kitandani na mkono wa kushoto ameunyoosha. "Zungusha mpaka karibu na vidole. Usibane sana, nitahitaji kula."

Raisa alizungusha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na macho yake yalikuwa mazima. Mkono ule haukuwa na jeraha, wala uvimbe, wala mkwaruzo.

"Baba mdogo, unaumia wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa. Wewe funga. Biskuti ziko pale kwenye kabati."

Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hakuna reli. Mtu wa Rumonge anayetaka kupanda treni huvuka ziwa kwanza kwa boti hadi Kigoma, upande wa Tanzania. Nasiri alikuwa amevuka wiki iliyotangulia, akisema anakwenda Tabora kumnunulia mama yake, Bibi Biasha, asali ya kuuza. Siku ya Alhamisi usiku, treni ya abiria iliyotoka Kigoma ilipita mahali ambapo mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli. Mabehewa matatu yalianguka ubavu. Watu walikufa na wengine wengi wakaumia.

Habari zilifika Rumonge Ijumaa asubuhi. Bibi Biasha alimpigia mwanawe simu huku akilia. Mara ya tatu Nasiri alipokea.

"Niko hai, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeumia mkono, lakini niko hai."

Jumamosi akashuka kwenye boti, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa.

Katika mtaa wao, mtu aliyeponea chupuchupu hutembelewa. Majirani huja na sukari, mchele, dagaa wakavu waitwao ndagala, au kreti ya Fanta. Huketi mkekani, hutoa pole, na husikiliza. Hawamwulizi maswali mtu wa namna hiyo. Huonekana ni utovu wa adabu. Anachosema ndicho kinachopokelewa.

Nasiri alisema mengi. Jumamosi asubuhi alikuwa amemtoa mtoto mmoja dirishani. Baada ya sala ya adhuhuri watoto walikuwa watatu. Jumapili aliongezeka mama mjamzito, na Jumatatu akaja askari aliyelia begani kwake. Jambo moja tu halikubadilika: yote yalitokea katika behewa la nne. Kati ya kisa na kisa, Nasiri alikula. Alikula kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kazi yoyote.

Raisa naye alipata fungu lake. Alipata biskuti, alipata Fanta, na shuleni wakati wa mapumziko watoto walimzunguka.

"Tuambie tena ya askari!" walimwomba.

Raisa aliwaambia tena ya askari.

Jumamosi hiyo ya kwanza, wageni wakiwa wamejaa, aliingia Barnaba na begi begani. Barnaba alikuwa baba yake Kezia, rafiki wa Raisa darasani. Alifanya kazi kwenye kinu cha kukamua mawese. Yeye na mke wake Ernestina waliishi Tanzania miaka mingi kama wakimbizi kabla ya kurudi Burundi, na dada yake Ernestina alikuwa amebaki huko. Ernestina alikuwa safarini kwenda kumwona dada huyo.

"Amahoro, Nasiri. Pole sana," alisema Barnaba. "Mimi sikai, boti ya Alimasi inaniacha. Nauliza kitu kimoja tu. Mama Kezia alikuwa kwenye treni hiyo na simu yake haipatikani. Ulimwona?"

Ilikuwa rahisi kujibu hapana. Lakini watu kumi walikuwa wanamtazama Nasiri, na alipenda sana kutazamwa.

"Shemeji Ernestina? Nilimwona kwa macho yangu haya. Mimi mwenyewe nilimshika mkono kumteremsha. Hana hata mkwaruzo! Wamempakia kwenye basi la kwenda Tabora."

"Na simu yake?"

"Ndugu yangu, kule simu zote zilipotea. Ni giza, ni kelele. Nenda nyumbani ukalale."

Barnaba aliweka begi chini, akafunika uso kwa mikono, akalia. Kisha akatuma mtu amwambie Alimasi aende bila yeye. Jioni alirudi na bidoni, dumu la lita kumi la mawese, akampa Nasiri kwa shukrani. Nasiri aliipokea kwa mikono yote miwili, kama adabu inavyotaka, akainyanyua na kuipeleka pembeni. Wageni walikuwa wanafuta machozi. Raisa peke yake ndiye aliyetazama mikono.

Jumanne, Kezia hakucheza wakati wa mapumziko. Alikaa kwenye ngazi za darasa.

"Mama mkubwa alipiga simu Jumapili," alimwambia Raisa. "Anasema mama hajafika. Baba alirudi kwa baba yako mdogo kumwuliza, akaambiwa barabara zimejaa tope, mabasi yamekwama, asubiri. Sasa ni Jumanne." Alimtazama rafiki yake. "Raisa, baba yako mdogo anaweza kudanganya?"

Raisa aliufikiria mkono ule. Kisha akafikiria watoto waliokuwa wanamngojea uwanjani.

"Hapana," alisema.

Neno hilo halikumkaa vizuri. Baada ya masomo alimkuta Nasiri peke yake chumbani, miguu juu ya kreti.

"Baba mdogo, mama yake Kezia alikuwa amevaa nguo gani?"

"Kitenge."

"Cha rangi gani?"

"Wewe ni polisi?" Nasiri alicheka, kisha akapunguza sauti kama mtu anayetaka kusimulia kichekesho. "Ningemwona wapi, mutoto wewe? Treni ilikwenda nikiwa nimelala. Nilikuwa Ujiji kwa rafiki yangu, tulitazama mpira, tukacheza karata, nikalala. Kuamka, treni imekwenda! Ijumaa mama ananipigia, analia. Ningemwambia nini? Kwamba nililala?"

Raisa alielewa. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mtu aliyenusurika kuliko kuwa mtu aliyechelewa.

"Lakini baba yake Kezia alikuwa anakwenda kumtafuta mke wake! Wewe ulimzuia."

"Nilimtuliza. Mtu analia, unamtuliza. Huyo mama atarudi tu." Nasiri aliinua mkono wake wenye bendeji. "Na huu nani anaufunga kila asubuhi? Ukisema langu, utasema na lako."

Jumatano Raisa alitoka nyumbani na mkoba wa shule, lakini hakwenda shule. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu cha mawese. Barnaba na wanaume wawili walikuwa wanalisukuma gogo la kinu kuzunguka, na mafuta mekundu yalikuwa yanachuruzika kwenye pipa.

"Leo hakuna shule?" Barnaba aliuliza.

"Ipo, baba Kezia."

Alisema yote bila kupumzika: usingizi wa Ujiji, treni iliyomwacha Nasiri, bendeji, biskuti. Alipofika kwenye biskuti, sauti yake ilikatika. Mmoja wa wanaume wale alitema mate chini.

Barnaba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Alikuambia mwenyewe kwamba hakupanda?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana."

"Na mkono, ulijua lini kwamba ni mzima?"

Raisa aliinamisha kichwa. "Jumamosi."

Barnaba hakumgombeza. Alisema tu, "Twende."

Sebuleni kwa Bibi Biasha wageni walikuwepo kama kawaida. Alimasi mwenye boti alikuwa ndiyo kwanza ameingia, ameweka kilo mbili za sukari mkekani. Nasiri alikuwa amefika kwenye kisa cha askari.

"Nasiri," Barnaba alisema akiwa mlangoni. "Uliniambia ulimshika mke wangu mkono kumteremsha. Ulimshika kwa mkono gani?"

Nasiri alitazama mikono yake. "Kwa... kwa wa kulia. Huu mwingine ulikuwa umeshaumia."

"Ufungue tuuone."

"Ndugu yangu, jeraha halifunguliwi hovyo." Macho yake yalimwangukia Raisa nyuma ya Barnaba. "Nani kakudanganya? Huyu mtoto? Huyu mtoto ana maneno!"

Bibi Biasha alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Fungua," alisema.

"Mama, mbele ya wageni?"

"Kwani pole ulikuwa unazipokea mbele ya nani?"

Nasiri alifungua. Bendeji ilikuwa ndefu, na alichukua muda mrefu kama mtu anayetumaini kwamba mwishoni kutakuwa na kitu. Hakukuwa na kitu. Ulitokea mkono mnene, safi, wa mtu aliyelishwa vizuri kwa siku tano. Mwanamke mmoja alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mtandio, akashindwa.

Alimasi aliinama akaokota sukari yake.

"Hii nilimletea mtu aliyeumia," alisema kwa upole. "Samahani, nimekosea nyumba."

"Mama, sikuwa na nia mbaya," Nasiri alisema. "Niliona aibu kusema nililala."

"Ungesema ulilala, ningekugombeza asubuhi moja tu," Bibi Biasha alijibu, akarudi jikoni. Hakumpa hata heshima ya kupigiwa kelele.

Barnaba alimgeukia Alimasi. "Boti inaondoka lini?"

Ilikuwa iondoke kesho yake. "Sasa hivi," alisema Alimasi.

Barnaba alimkuta mke wake Alhamisi, katika hospitali ya pili aliyoiulizia. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na kichwa kilikuwa kimegongwa. Begi lilipotea na simu ndani yake, na namba za watu wake hakuzijua kwa kichwa. Wagonjwa wengine walikuwa na warwaza, yaani ndugu wa kuwaosha, kuwapikia na kuwasemea kwa daktari. Ernestina hakuwa na mtu. Jirani wa kitanda cha pili alimgawia uji. Daktari alisema kidonda cha paja hilo kimeanza kuoza, na kwamba kama angechelewa siku mbili zaidi, wangeukata mguu. Walimpasua siku hiyo hiyo. Mguu ulibaki, ingawa hautakuwa kama zamani.

Barnaba alipopiga simu na habari hizo, Raisa alishusha pumzi.

"Bibi, nimefanya vizuri kusema ukweli, sivyo?"

"Umesema siku ya tano," alijibu Bibi Biasha. "Siku nne nyingine ulikuwa unakula biskuti. Kesho utawaambia darasani, kwa mdomo ule ule uliowaambia ya askari."

Raisa aliwaambia. Watoto walimsikiliza, kisha wakampa jina.

"Daktari! Daktari, njoo unifunge na mimi!" walimwitia uwanjani, wakimnyooshea mikono yao mizima.

Halikuwa jina la kupita kwa siku moja. Kezia hakumwita hivyo. Kezia hakumwita kabisa. Raisa alianza kupita kwao kila jioni kuosha vyombo na kuchota maji, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mama. Wiki ya kwanza Kezia alimfungulia mlango bila kusema. Wiki ya tatu alimwambia, "Bidoni ndogo inavuja, chukua kubwa." Raisa aliyafurahia maneno hayo kuliko sifa zote za behewa la nne.

Ernestina alirudi baada ya miezi miwili, akitembea kwa magongo. Majirani walijaa kwake. Hakusimulia mengi; kila alipoulizwa kuhusu treni alisema, "Ilikuwa giza. Watu walilia." Siku ya tatu Bibi Biasha alimleta Nasiri. Alimsukuma mbele yake mpaka kwenye kiti cha mgonjwa, watu wakiwa wamekaa.

"Amahoro, shemeji," Nasiri alisema akitazama sakafu. "Pole sana."

"Wewe ndiye uliyeniona kwa macho yako?" Ernestina aliuliza.

Nasiri alirudi hatua moja, akamgonga mama yake aliyesimama nyuma.

"Basi sasa nitazame vizuri." Alivuta kitenge juu kidogo. Kovu lilianza gotini likapanda. "Tazama, usifumbe macho. Umeona?"

"Nimeona, shemeji."

Ernestina aliteremsha kitenge, akawaita Kezia na Raisa waliokuwa wameketi karibu na mlango.

"Nisikilizeni, wanangu. Mtu huyu hakunichukia. Hatujawahi kugombana. Alitaka soda na sifa tu, nami nikalala kitandani nikitazama mlango siku sita, kila aliyeingia alikuwa wa mtu mwingine. Uongo mwingi ni hivyo. Anayeusema hana ubaya na mtu, ila hajui atakayeumia." Alimshika Raisa mkono. "Na wewe uliona mapema. Nimekusamehe, lakini usisahau. Ukijua jambo ambalo mwenzako anateseka kwa kutolijua, liseme siku hiyo hiyo, hata kama aibu ni yako. Siku ya kwanza ni aibu tu. Siku ya tano ni mguu wa mtu."

"Nimesikia, mama Kezia," Raisa alisema, na safari hii Kezia alisogea akampa nafasi ya kukaa kwenye mkeka wake.

Nasiri alikuwa bado amesimama. "Nikae, shemeji?" aliuliza.

"Hapana," alisema Ernestina. "Maji yamekwisha. Bidoni ziko nyuma ya nyumba."

Nasiri alichukua bidoni mbili akaenda bombani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwona anakuja. Walisogea wakampisha achote wa kwanza, ili aondoke upesi, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu.