Picha Tuliyompa Mama Haikuwa ya Ini Lake

Nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Mkange. Ninayoyaandika hapa, ndugu zangu, yananitia kinyaa mimi mwenyewe. Lakini nilishanyamaza mara moja, na mmeona... la, bado hamjaona. Nisikilizeni.

Mume wangu, Shomari, alikuwa mfanya usafi katika zahanati moja. Siku moja akarudi na mashine kuukuu ya ultrasaundi, ile ya kuonyesha picha za ndani ya tumbo. Akapanga chumba Msata, karibu na yanaposimama mabasi, akavaa koti jeupe. Kazi yangu ilikuwa kuwapaka watu jeli tumboni.

Wiki ya pili nikagundua kwamba mashine ni mbovu. Kioo kilionyesha picha moja tu, ileile, kwa mzee, kwa kijana, kwa mwanamke na kwa mwanamume! Nilipomuuliza, akasema watu wanataka kutulizwa moyo, nasi tunawatuliza. Nikakaa kimya. Watu walikuwa wananiita nesi, na nilipenda kuitwa hivyo. Mnauona uchafu wangu?

Kisha akaja mama yangu mzazi. Alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, amekonda, chakula hakishuki. Aliacha kwenda hospitali akaja kwetu, kwa sababu mwanawe yupo. Nikampaka jeli kwa mikono hii hii. Shomari akapitisha kile kifaa, akamwambia ini lake ni safi, ni gesi tu, akampa unga wa mizizi na ile picha ya kioo, imechapwa kwenye karatasi, aiweke. Mama akanishukuru... nami nikaitikia!

Miezi saba baadaye macho yake yalikuwa ya manjano. Mdogo wangu, Idrisa, akampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Vipimo vikaonyesha uvimbe mmoja kwenye ini, na madaktari wakasema huenda wakaweza kuukata. Tukapata matumaini.

Asubuhi ya upasuaji tulikaa kwenye benchi. Tuliambiwa kazi ingechukua saa nyingi. Haikuchukua. Daktari, mama mmoja mpole, alitoka mapema akatueleza taratibu. Walipofungua tumbo waliweka kifaa kidogo cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe, maana pale kinaona hata vitu vidogo visivyoonekana kwenye vipimo vya nje, na kinaonyesha mishipa ilipo kabla kisu hakijagusa. Kikaonyesha uvimbe mwingine, sehemu mbili, ndani kabisa. Na ule mkubwa ulikuwa umeuzingira mshipa mkuu wa damu. Wangekata, angefia mezani. Wakamshona.

Akauliza kama mama aliwahi kupimwa kabla. Idrisa akasema ndiyo, kwa shemeji, akatoa ile picha kwenye bahasha ya karatasi za mama.

Daktari akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hili si ini," akasema. "Hii ni mimba ya kama miezi mitatu."

Idrisa akanigeukia.

Mama alipopata nguvu kidogo nilipiga magoti nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua wakati unanipaka?"

"Nilijua, mama."

Akageukia ukutani. Aliishi wiki sita. Hakunitukana, ila hakula tena chakula nilichopika mimi.

Nilipomwambia Shomari, alijibu kwamba mama alikuwa mzee, angekufa tu. Na huyo ndiye niliyelala naye miaka kumi na minne! Siku hiyohiyo nikaenda polisi kwa miguu yangu. Kesi bado inaendelea, na mimi ni mshtakiwa wa pili. Idrisa hapokei simu zangu, wala simlaumu. Nimewapaka wangapi ile jeli, wakarudi kwao wakifurahi? Sijui wako wapi leo.

Msomaji, mpeleke mzazi wako kwa daktari aliyesomea kazi yake, na uulize anayempima ni nani. Na wewe uliyekaa kando ya mwongo ukijua kila kitu, usijidanganye kuwa mikono yako ni safi kwa sababu hukusema neno. Inuka ukaseme leo, mgonjwa akiwa bado hai.