Punda wa Chumvi na Boriti ya Barabarani

Alhamisi ile jua lilikuwa limeshapita utosini, na Bushiri hajarudi. Salha alikuwa uani akichekecha chumvi, lakini masikio yake yote yalikuwa njiani. Mumewe alikuwa mchuuzi wa chumvi. Aliipakia kwenye punda watatu, akaipeleka vijijini ng'ambo ya Zuzu. Kule fedha ilikuwa haba, basi watu walimlipa karanga. Ilikuwa kazi ya halali, kazi ya babu zake waliokuja Dodoma na misafara. Shida ilikuwa njia ya kurudi.

Bushiri aliingia alasiri. Nyuma yake walikuwa punda wawili tu.

"Yule mwingine yuko wapi, Baba Rukaya?"

"Amevunjika mguu korongoni. Karanga zake zimemwagika zote."

Salha akaketi juu ya kinu. "Barabara ipo. Kwa nini unapita korongoni?"

"Barabarani kuna boriti ya kizuizi. Umesahau yaliyompata baba?"

Nani angesahau? Mwaka 1983 Mzee Abdulswamadu alikamatwa kwenye kizuizi kile. Alikuwa na magunia mawili ya mahindi bila kibali. Alilala rumande siku tisa. Alirudi mtu wa kunyamaza, na hakufanya biashara tena hadi alipokufa. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na sheria moja: ukibeba mazao, usiikaribie boriti. Sasa ulikuwa mwaka 1994, na Bushiri bado alipita njia za panya, miiba ikimchana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu hata hakuumwa yeye, aliumwa baba yake.

Kesho yake jioni Salha alikwenda darasa la watu wazima. Mwalimu wao, Evodia, mchana alikuwa karani wa ushuru halmashauri. Siku hiyo walisoma habari za Ghana ya kale, ufalme uliokuwa kusini ya jangwa la Sahara, miaka elfu moja hivi iliyopita. Salha alifuata maneno kwa kidole. Ufalme ule ulikuwa na dhahabu nyingi, lakini chumvi ilitoka mbali, jangwani. Kila punda aliyeingia na mzigo wa chumvi alilipiwa dinari moja ya dhahabu. Mzigo ukitoka, dinari mbili.

"Mwalimu," Salha akauliza, "hawakupita porini kumkwepa mfalme?"

Darasa likacheka. Evodia hakucheka.

"Wangepita wapi, mama? Visima vilikuwa njiani. Soko lilikuwa njiani. Na ushuru ule ulijulikana. Mfanyabiashara alijua atatoa nini kabla hajaondoka kwake. Mfalme akapata, na mwenye punda akapata."

"Boriti yetu haiko hivyo. Yetu inakamata watu."

"Zamani ilikamata. Nani kakuambia bado?"

Kwa kweli hakuna aliyemwambia. Hawakuwahi kuuliza.

Evodia akavuta kiti. "Sheria imebadilika. Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa kununua karanga na kuzisafirisha. Anatakiwa kulipa ushuru tu. Kiwango kimebandikwa ukutani pale kizuizini. Kisome kwanza. Lipa hicho hicho, kisha dai stakabadhi. Ukitoa fedha bila stakabadhi, umetoa chai, hujalipa ushuru."

Bushiri aliposimuliwa alitikisa kichwa. "Wafalme wa vitabuni hawana mgambo."

"Safari ijayo twende wote," Salha akasema. "Hawa wawili nao wakifia korongoni, tutakula nini?"

Alhamisi iliyofuata walirudi kwa barabara, karanga magunia mawili. Boriti ilipoonekana, Bushiri akasimama.

"Mama Rukaya, turudi."

"Twende."

Alisema hivyo, lakini moyoni hakuwa na hakika. Je, kama mwalimu amekosea? Alifika ukutani, akasoma tangazo polepole, mstari kwa mstari. Karanga zilikuwamo, na kiwango chake. Mgambo akatoka kibandani. Jina lake Kefa.

"Mmebeba nini?"

Salha akajibu, "Karanga, magunia mawili. Tumekuja kulipa ushuru. Na stakabadhi tunaomba."

Kefa akauliza jina la mwenye mzigo, akaandika, akapokea fedha, akatoa karatasi. Kisha akamtazama Bushiri vizuri.

"Mzee, si wewe unayepita kule korongoni na punda? Kila Alhamisi naona vumbi lako. Nilidhani unachota mchanga."

Akainua boriti. Bushiri hakusogea. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyaficha.

"Jina la baba limo?" akauliza.

"Limo," Salha akasema, akiisoma karatasi. "Bushiri Abdulswamadu."

Kwenye mashine ya kukamulia mafuta, mnunuzi aliiona stakabadhi, na safari hii hakuwalalia bei kama watu wa magendo. Kabla ya kiangazi kwisha walinunua punda wa tatu.

Lakini siku ile ile, kabla ya kufika nyumbani, Bushiri alipitia makaburini. Akamsomea baba yake Fatiha. Kisha akamgeukia mkewe, aliyesimama nje na punda.

"Mama Rukaya, na ile karatasi msomee."

Salha akaikunjua, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri.