Walimwita Kigeugeu

"Niandike jina gani?" Verediana aliuliza, kalamu nene ya wino mkononi.

"La baba wa familia, dada. Kwenye gari la mizigo wanasoma la baba tu. Andika Bonfils Nyabenda."

Verediana aliandika B, akaandika O, akainua kalamu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi mwaloni Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwezi wa tisa, mwaka ambao kambi ya wakimbizi Warundi ilikuwa inafungwa. Waliojiandikisha kurudi kwao walishuka mjini kwa vibali kununua dagaa wakavu, maana anayerudi kwenye shamba lililoota magugu hana cha kuvuna mpaka msimu upite. Wauzaji waliandika jina la kila mteja kwenye gunia lake ili lisipotelee garini. Huyu alisema anaitwa Carmen. Alikuwa na mtoto mgongoni na haraka mwilini, kama wateja wote wa mwezi ule.

"Bonfils yupi?" Verediana aliuliza.

"Umugabo wanje. Mume wangu. Ni fundi cherehani, anashona Ujiji, karibu na soko. Labda amekushonea, ana mkono mzuri."

Alikuwa amemshonea. Hata siku hiyo gauni lake lilikuwa kwa Bonfils likisubiri vifungo. Ni gauni la keshokutwa, Jumamosi, siku ambayo Bonfils alitakiwa kupanda kijijini Kalinzi na jembe la posa kwa mzee Nikodemu, baba yake Verediana.

Walikuwa wachumba mwaka mzima, na mwaka huo Bonfils alikuwa amewachosha watu. Mwezi wa tatu aliapa kwamba harudi Burundi, anabaki na Verediana. Mwezi wa tano alituma ujumbe: "Mama analia kila siku. Lazima nirudi naye. Nisamehe." Wiki mbili baadaye: "Siwezi kukuacha. Nabaki." Mwezi wa nane ikawa hivyo hivyo, kuaga na kurudi. Eufrasia, aliyeanika dagaa kwenye chanja ya jirani, alimwambia waziwazi kwamba huyo mwanaume ni kigeugeu. Verediana alimjibu kwamba mtu aliyekimbia vita akiwa na miaka tisa, amejitwika sufuria kichwani, ana haki ya kubadili nia. Kwa maneno hayo hayo alimlainisha baba yake. Mzee alikataa posa mara mbili, ya tatu akakubali, akakata na kipande cha shamba la kahawa ili wakae hapo.

Sasa alimalizia kuandika jina, herufi moja moja, huku akiuliza kama mtu anayepitisha muda.

"Mliandikishwa lini kurudi?"

"Mwezi wa tatu. Gari letu lilikuwa mwezi wa tano, nikawa ndiyo kwanza nimejifungua huyu, wakatusogeza. Mwezi wa nane mtoto akashikwa na malaria, wakatusogeza tena. Sasa ni Jumanne. Mume wangu amesema hata nikiumwa, tutapandia humo humo."

Verediana hakuhitaji karatasi ili kuhesabu miezi hiyo. Kila gari lilipokaribia, Bonfils aliaga. Kila lilipoahirishwa, mapenzi yalirudi. Lakini safari hii gari lilikuwa Jumanne na jembe Jumamosi. Hapo ndipo hakuelewa.

Hakumwambia Carmen kitu. Mtu humwangushii nyumba akiwa na mtoto mgongoni, na huyu hakuwa amemkosea. Carmen alishukuru, urakoze, dada, akaliacha gunia pale, akaenda kutafuta chumvi.

Verediana akaandika ujumbe: "Njoo Katonga sasa hivi."

Jibu likaja upesi. "Kuna nini mpenzi? Gauni bado vifungo."

"Njoo bila vifungo."

Bonfils alifika kwa pikipiki, uzi bado umemganda begani. Verediana hakumsalimia. Alimwonyesha gunia kwa kidole, akamwacha asome.

"Amekuja hapa?"

"Amekuja. Ameniambia una mkono mzuri."

Bonfils alikaa mchangani. Akaanza kueleza kwamba walioana kambini angali kijana mdogo, kwamba alitaka kusema tangu mwanzo, kila siku akaona kesho itafaa zaidi. Verediana alimwacha amalize, huku akigeuza dagaa kwenye chanja.

"Vere, unanijua. Kichwa changu hakijatulia. Leo hivi, kesho vile. Kila mtu hapa ananiita kigeugeu."

"Hilo jina walikupa bure, na mimi nikakutetea bure. Kigeugeu hubadili nia. Wewe nia yako ni ile ile tangu mwezi wa tatu. Ulichokuwa unabadilisha ni maneno ya kuniambia mimi."

Bonfils alianza kubandua ule uzi begani.

"Jumanne unapanda gari na mkeo," Verediana alisema. "Sasa jembe la Jumamosi ni la nini?"

Bonfils alijibu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakupamba maneno.

"Shamba letu kule, watu wamelikalia miaka kumi na sita. Nikifika wakanifukuza, nitarudi wapi? Kambi haitakuwepo tena."

"Kwa hiyo mimi ndiyo kambi."

"Nilikupenda. Hilo si uongo."

"Inawezekana. Beba gunia lako, umfuate mkeo kwenye chumvi. Na umwambie mwenyewe kabla ya Jumanne. Usipomwambia, nitapanda huko kambini nimwambie mimi."

Alilibeba. Verediana hakumtazama akiondoka. Alimwomba Eufrasia amwangalizie dagaa, akapanda pikipiki kwenda Kalinzi.

Nyumbani alikuta wanawake wanachuja pombe ya ndizi kwa ajili ya Jumamosi. Alimwambia baba yake yote, amesimama, mbele ya shangazi yake Leonia. Shangazi alisikiliza, kisha akashauri jambo lizikwe pale pale. Wageni wameshaalikwa. Bonfils alete jembe lake, wanaume wenye wake wawili hawajaanza leo, na aliyetoa jembe siku moja atarudi.

"Ndicho anachokitaka, shangazi. Arudi akikosa," Verediana alisema. Akamgeukia baba yake. "Baba, lile shamba ulilikata kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako na mumeo."

"Mume hayupo. Mimi nipo."

Shangazi Leonia aliweka kibuyu chini. "Tangu lini binti wa kwetu akakatiwa shamba na baba yake? Shamba atalikuta kwa mume."

Mzee Nikodemu akauliza kama yule Mrundi angefukuzwa kwao angekuja kukaa kwenye kile kipande. Verediana akasema ndiyo. Mzee akauliza kama angemleta na mkewe. Verediana akasema hajui, labda siku moja.

"Basi nilikuwa nampa mtu nisiyemjua," mzee alisema polepole, "na wewe niliyekulea nikunyime."

"Nikodemu," shangazi alisema, "mwezi uliopita tu ulitamka mbele ya ukoo kwamba mwanamke hapewi ardhi. Watakuita kigeugeu."

"Na waniite. Wageni waje Jumamosi, pombe ipo. Wataona mipaka kwanza, ndipo wanywe."

Jumamosi watu walikuja wamevaa vizuri, wakiulizana mchumba yuko wapi. Mzee Nikodemu aliwapeleka moja kwa moja hadi kwenye kahawa, akampa Verediana mwisho mmoja wa kamba ya kupimia kipande chake, na mwisho wa pili akamkabidhi Leonia.