Kichupa cha Thelathini

Mashine ya Mchotadamu ilikuwa ikihudumia watu kumi na wawili kwa mpigo mmoja. Unaingiza mkono kwenye tundu lake, kitambuzi kinasoma kiganja chako na kujua wewe ni nani, nuru ya kijani inamulika mshipa, sindano inaingia, inatoka, plasta inabandikwa. Sekunde kumi na moja, umemaliza. Hujaumia wala hujaulizwa kitu. Katika ukumbi mzima wa hospitali ile ya Mbeya, mwaka 2091, watu walikuja, wakatoa damu, wakaondoka, na usingesikia mtu akimsemesha mwenzake.

Pembeni, nyuma ya pazia, kulikuwa na kiti kimoja cha kizamani chenye ubao wa kuegemeza mkono. Hapo wanafunzi walijifunza kuchota damu kwa mikono yao, bila mashine wala kitambuzi, kwa ajili ya siku mtandao utakapozimika. Sheria ilimtaka kila mwanafunzi achote watu thelathini. Thelathini, jamani! Na damu haichotwi bila oda ya daktari, na oda ya kiti kile ilikuja pale tu mashine iliposhindwa, jambo ambalo halikutokea mara kwa mara. Subilaga alikuwa amefikisha ishirini na tisa kwa miezi minane, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Akipata mmoja, kesho angepanda basi la anga kwenda Matema, kwenye zahanati ya kwao, ambako watu bado wanaamkiana. Akikosa, anabaki mjini mwaka mwingine. Na mji huu ulikuwa umemchosha mpaka basi. Chumbani kwake ni mlango uliomwambia karibu, na jiko ndilo lililomuuliza kama ameshiba.

Saa tano asubuhi skrini yake ikawaka. Mzee Ambakisye Mwakyoma, upasuaji saa nane mchana, apimwe kundi la damu ili aandaliwe ya kuongezewa. Mchotadamu imejaribu mara mbili imeshindwa. Ugonjwa umemmaliza, mishipa imelala. Aletwe kwenye kiti.

Subilaga nusura apige vigelegele. Akachungulia nje. Kwenye benchi, mbele kabisa, alikaa mzee mmoja mwenye koti la sufu, kofia ameiweka mapajani.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye Mzee Ambakisye?"

Mzee akamtazama kidogo. "Marahaba, mwanangu. Ndiyo."

Akamkalisha. Akanawa, akavaa glovu, akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kwa kidole. Mshipa ukaja wenyewe, umejaa, ukiubonyeza unarudi. Akapaka spiriti, akangoja ikauke bila kuipuliza, maana wanafunzi wengi huharibu hapo. Sindano ikaingia taratibu, damu ikashuka kichupani. Akalegeza mpira kabla ya kuchomoa sindano, akakandamiza pamba, akapindua kichupa polepole mara nane, akabandika lebo palepale mbele ya macho ya mzee.

"Mkono wako una joto," mzee alisema. "Hata ndani ya hiyo glovu."

"Nimekuumiza, baba?"

"Hata kidogo. Usifanye haraka."

Kichupa kikaingia kwenye bomba la upepo, kikapaa kwenda maabara. Mwalimu Kyando, mama mwenye miwani mizito aliyewasimamia wanafunzi, akatia sahihi kwenye namba thelathini na kumpa mkono wa hongera. Subilaga akarudi nyuma ya pazia, akaanza kukusanya vitu vyake huku akiimba chinichini. Alikuwa anawaza zawadi ya kumpelekea mama yake, alipoukumbuka ule mshipa.

Mshipa ule ulikuwa mnono. Mashine gani ingeukosa mara mbili?

Akajaribu kujifariji: labda mashine ina hitilafu, labda mzee alikunywa maji mengi asubuhi. Aliyekuwa na wasiwasi ni yeye peke yake, na sahihi ilikwisha kutiwa. Angeweza kunyamaza akaenda zake. Lakini kama damu ile si ya Ambakisye, basi saa nane mtu angeongezewa damu ya kundi lisilo lake, na hiyo huweza kumuua mtu palepale mezani.

Akalivuta pazia kwa nguvu. Mzee alikuwa bado yuko kwenye benchi, ameibana pamba yake.

"Baba, jina lako nani? Mimi sikutajii. Litaje wewe."

Mzee akainamisha kichwa. "Gwakisa Mwaipaja."

"Mungu wangu! Sasa mbona uliniitikia?"

"Uliniuliza kwa heshima, mwanangu. Tangu mke wangu afariki, mwezi wa saba huu, hakuna mtu aliyenishika mkono. Duka linanijua, mlango unanijua, hata basi linanijua. Haviniulizi kitu. Nikasema moyoni, damu ni damu tu, watapima, watamwaga. Kwani nimeharibu nini?"

Subilaga alitamani kumfokea. Alitamani kumshika mabega amtikise. Akakimbilia kwa Mwalimu Kyando.

Mwalimu Kyando alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga simu maabara. Chupa nne za damu zilikuwa tayari zimeandikwa jina la Ambakisye. Zikazuiwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amecheleweshwa kwenye eksirei.

"Nitakwenda kumchota mwenyewe," mwalimu alisema.

"Na mimi, mwalimu?"

"Damu ya mtu kwa jina la mwingine inafuta zote thelathini. Unaijua sheria. Unaanza moja."

Subilaga akalia, wala hakuficha uso. Mwaka mzima tena, na ule mlango wake unaosema karibu.

"Umenisaidia kuokoa mtu, na nitaliandika hilo," Mwalimu Kyando alisema kwa upole. "Lakini ulimtajia jina. Ndiyo maana tunawaambia mgonjwa alitaje mwenyewe." Akavua miwani, akaifuta. "Huyu ni wa nne kuitikia jina lisilo lake mwaka huu, Subilaga. Wanne, wote kutoka benchi lile. Wa kwanza nilidhani hasikii vizuri."

Subilaga akanawa uso, akatoka. Mzee Gwakisa alikuwa ameondoka. Benchini walikuwa wamekaa watu sita. Miezi minane alikuwa akiwapita, akidhani wanasubiri majibu yao. Akatazama skrini. Hapakuwa na oda ya mtu hata mmoja.

Mama mmoja wa makamo, mkoba mapajani, alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko.

"Ni mimi?" akauliza.

"Shikamoo, mama. Bado sijaita mtu."

"Marahaba." Yule mama hakuushusha mkono wa gauni. "Haya, ukiita, mimi nipo."