Aliyechukuliwa na Mto

Siku bustani ya kando ya mto ilipofunguliwa tena, watu walijazana langoni, kila mmoja akitaka kuona mafuriko yamebakiza nini. Tope lilikuwa limekauka kwenye miti hadi usawa wa kifua, na mabenchi yamebaki vyuma vitupu. Msusi mmoja wa nywele naye alikuwamo, amevaa gauni la njano lililomkaa vizuri, lile ambalo mchumba wake hakuchoka kulisifia. Mchumba alikuwa mpiga picha wa hapo bustanini. Mto ulimzoa pamoja na kamera yake, na maiti haikuonekana.

Mtu akamkanyaga mguu.

"Samahani, dada."

Sauti ile! Msusi aligeuka, moyo ukampasuka paa. Ni yeye, mzima wa afya, ndevu zimechongwa, shati limepigwa pasi.

"Kipusa wangu..."

"Nilikulilia mpaka macho yakakauka!"

"Maji yalinitupa ng'ambo. Nilipopata nafuu nikasikia mmeshaweka matanga. Nikasema basi, na iwe hivyo. Harusi yetu ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa na mwanamke mwingine kule."

"Na leo umefuata nini?"

"Kanifukuza. Turudiane, mpenzi. Yaliyopita si ndwele."

Msusi alitoa simu. Tangu msiba alikuwa amehamia kwa mama wa mwanamume huyu, mama aliyepooza, akimwogesha, akimlisha, wakilia pamoja kama mtu na mwanawe.

"Mama, mwanao yu hai. Nimesimama naye hapa."

Sauti ikaja, ndogo: "Usinikasirikie, mwanangu. Alinipigia zamani. Ningekwambia, ungeondoka. Nani angenigeuza kitandani?"

Msusi alikata simu. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaubandika kwenye kiganja cha mwanamume.

"Wa kwa mama yako. Uji uko kwenye chupa ya chai. Mgeuze kwanza, mgongo una vidonda."

"Mimi? Nimwogeshe mama yangu mzazi, mtoto wa kiume?"

"Na mimi nilikuwa nani wake? Mjane wa mtu anayetembea!"

"Punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wengine walikaa matanga yako."

Mwanamume aliurusharusha ufunguo mkononi, akautia mfukoni, akaondoka. Msusi alimsindikiza kwa macho hadi kwenye njia panda. Kushoto ni nyumbani kwa mama, kulia ni stendi ya mabasi. Akakata kulia, wala hakugeuka nyuma.

Simu ikaita. Ni mama. Msusi alijua kikongwe yule amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi, na mlango umefungwa. Machozi yalimtoka. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena.

Akaizima, akaingia bustanini pamoja na wengine.