Simu ya Siwema Inasubiri

Sogeeni, kaeni vizuri. Leo nawaletea Siwema, simu yake, na wivu wake. Wivu wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko Siwema!

Siwema alikuwa na miaka sita. Alikuwa na simu ya zamani ya mama. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona, lakini simu ilikuwa yake.

Katika nyumba yao aliishi pia Tunu, mtoto wa mama mkubwa. Tunu naye alikuwa na miaka sita. Tunu naye alikuwa na simu. Lakini simu ya Tunu ilikuwa mpya!

Jumapili asubuhi, simu ya Tunu ilianza kuimba.

Nyau, nyau, tingisha! Nyau, nyau, tingisha!

"Mchezo gani huo?" aliuliza Siwema.

"Paka Mcheza Ngoma," alisema Tunu. "Ukimgusa mkia, anacheza. Tazama!"

Paka akaruka. Paka akatingisha mkia. Siwema alitazama, na roho ikamuuma.

"Mama, na mimi nautaka!" alisema Siwema.

Mama akautafuta mchezo kwenye simu ya Siwema. "Haya, bonyeza hapo palipoandikwa Pakua," alisema mama. Kisha akaenda kufua.

Siwema akabonyeza. Simu ikaandika neno moja. Siwema akalisoma polepole.

I-na-su-bi-ri.

Inasubiri? Inamsubiri nani?

"Ya Tunu inaimba," alisema Siwema. "Yangu inasubiri!"

Siwema akaitikisa simu. Tiki, tiki, tiki. Akaizima. Akaiwasha. Akaipuliza, fuuu!

"Ya Tunu inaimba. Yangu inasubiri!"

Siwema akawaza. Pakua. Mbona kupakua anakujua! Mama hupakua wali. Baba hupakua maharage. Kumbe simu inasubiri sahani!

Akakimbia jikoni. Akaleta sahani ya bati. Akailaza simu katikati. "Haya, pakua," alisema.

Akangoja. Akangoja tena. Wapi!

Tunu akacheka mpaka akakaa chini. "Kwi, kwi, kwi! Siwema anataka kula simu!"

Siwema hakucheka. Alimwonea Tunu wivu wa simu. Alimwonea wivu wa paka. Alimwonea wivu hata wa kile kicheko.

"Ya Tunu inaimba. Yangu inasubiri!"

Mchana baba aliita, "Chakula tayari!" Siku hiyo baba ndiye aliyepika. Akampakulia Tunu. Akampakulia Siwema.

Siwema akachungulia sahani ya Tunu. "Baba, wali wa Tunu mwingi. Niongeze!"

Baba akaongeza. Pwa!

"Baba, maharage ya Tunu mengi. Niongeze!"

Baba akaongeza. Pwa!

"Baba, parachichi la Tunu kubwa. Niongeze!"

"Nikuwekee wapi, mama?" alisema baba. "Sahani imejaa. Ikijaa, hapapakuliki tena."

Harage moja likadondoka mezani. Tip!

Siwema akalitazama lile harage. Akaitazama simu yake. "Baba!" alisema. "Simu yangu imejaa!"

Walipomaliza kula, Siwema na baba wakaifungua simu. Kweli, ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa picha.

Viatu vya Tunu. Viatu vya Tunu kwa nyuma. Baiskeli ya Tunu. Kengele ya baiskeli ya Tunu. Keki ya Tunu. Nywele za Tunu siku aliyosukwa. Kila Siwema alipotamani kitu cha Tunu, alikipiga picha. Kacha!

Baba akazitazama moja moja. Siwema aliona aibu, masikio yakawa ya moto.

Akaanza kufuta. Baiskeli, pyu! Kengele, pyu! Keki, pyu!

Viatu vilimtia kazi. Vilikuwa vyekundu, na vilikuwa na taa kwenye visigino. Siwema akafumba macho. Pyu!

Simu ikatetemeka. Ikaandika neno jingine.

I-na-pa-ku-a.

"Inapakua! Inapakua!" Siwema aliruka. Kumi. Hamsini. Tisini. Mia. Tin!

Nyau, nyau, tingisha! Nyau, nyau, tingisha!

"Ya Tunu inaimba," alisema Siwema. "Na yangu inaimba!"

Paka wawili walicheza mpaka simu zote mbili zikaisha chaji.

Jioni watoto walioga. Wakapanda kitandani, Siwema huku, Tunu kule.

"Tunu," alisema Siwema, "mimi huwa nakuonea wivu."

Tunu akamgeukia. "Na mimi nakuonea wewe," alisema.

Siwema akaketi. "Mimi? Nina nini mimi?"

"Baba yako yupo," alisema Tunu. "Anakupikia maharage. Wangu yuko safari na lori lake. Anakuja na viatu, anakuja na simu. Halafu anaondoka tena."

Siwema akajilaza tena. Alivuta shuka. Aliachia shuka. Kisha akaita kwa sauti kubwa.

"Baba! Njoo! Njoo ukae katikati!"

Baba akaja. Kitanda kikalia, kwii! "Haya, sogeeni basi," alisema baba.

"Baba mdogo," alisema Tunu, "kesho utapika tena?"

"Nitapika," alisema baba. "Lakini wa kuongezwaongezwa safari hii ni wewe."

Tunu akacheka. Mkono mmoja wa baba ukamkumbatia Siwema. Mkono wa pili ukamkumbatia Tunu.

Siwema akautazama ule mkono wa pili. Wivu ukamjia. Kidogo tu, kama harage.

Halafu akaunyanyua mkono wa baba uliokuwa wake. Akaupeleka kule, ukamfunika Tunu vizuri.

Wakalala wote wawili, fofofo. Na baba naye akakoroma, khrrr.